Sura ya Sita: Jiwe la Kusagia

Sajini Thadei Komba hakuwahi kumhoji mtu ndani. Mvua inyeshe, upepo wa Mbulu upige mpaka meno yagongane, yeye aliburuta benchi hadi chini ya mlingoti wa bendera na kuketi na mtuhumiwa wake hapohapo uwanjani. Askari wenzake waliamini ni mbinu. Walisema mtu akiiona barabara ya kwao kwa macho, ulimi unalegea wenyewe. Thadei aliwaacha na imani yao. Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa penye dari ya chini na mlango uliofungwa. Kifua kilimbana, jasho likamtoka, miguu ikataka kukimbia bila idhini yake. Askari mwenye mistari mitatu begani aogope chumba? Nani angempigia saluti tena?

Asubuhi hiyo aliyekaa naye benchini alikuwa Patriki, mkulima aliyeletwa mbio na mgambo kwa tuhuma za kumwua mkewe, Natalia. Pingu zilikuwa mikononi, blanketi mabegani.

"Gari la mkoa linafika leo alasiri," Thadei alisema. "Ukipanda gari hilo unakwenda Arusha kwa kesi ya mauaji. Unanielewa?"

"Nakuelewa, afande."

"Mkeo yuko wapi?"

"Sijamwua."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza yuko wapi."

Patriki alitazama makubazi yake ya matairi. "Sijamwua, afande."

"Balozi wako alikuona alfajiri kwenye ukungu, umebeba mzigo mzito ndani ya blanketi. Mzigo gani?"

Patriki alivuta blanketi lake shingoni.

"Na shimo ndani ya nyumba yako? Ulilichimba la nini?"

"Kama ni kunyongwa, ninyongwe mimi. Lakini yeye mwacheni."

Thadei aliinua kichwa. Maiti haombewi kuachwa. Akamwita koplo wake, Ignasi, amrudishe mtu mahabusu. Yeye mwenyewe alibaki nje, kama kawaida yake.

"Koplo, washa Landrova. Tunakwenda Mstarini."

Ignasi alikuwa mwenyeji, Mwiraqw wa huko Daudi, kijana mnene mwenye mzaha mwingi na woga mdogo, au ndivyo alivyojisifu. Alijua desturi ya bosi wake: alikunja turubai la nyuma la gari mpaka juu, ili Sajini akae na upepo.

Mstarini ndilo jina ambalo watu wenyewe walikipa kijiji kipya cha tambarare ya Bashay. Mwaka uliopita, katika Operesheni Vijiji, familia zilishushwa kutoka vilimani na kupangwa huko chini, nyumba moja baada ya nyingine kwenye mistari iliyonyooka. Hakukuwa na mti wala mwamba. Ulikuwa uwanda wa majani mafupi, na juu yake mbingu, na mbingu yenyewe haikuwa ndogo.

Balozi wa nyumba kumi, Reginald, aliwapokea akiwa amefunga vifungo vyote vya shati.

"Ndugu Sajini, karibuni. Shimo la kaburi liko humu. Mimi nilisema tangu mwanzo."

Thadei alisimama mlangoni. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, yenye dirisha moja. Dirisha hilo lilikuwa limezibwa kwa udongo na samadi, na alama za vidole zilionekana ndani, si nje. Alama ndogo, za mkono wa mwanamke. Alivuta pumzi mara mbili, akaacha mlango wazi hadi mwisho, akaweka jiwe ili upepo usiufunge, ndipo akaingia.

Shimo lilikuwa kwenye kona ya nyuma. Alichutama kando yake.

"Balozi, Natalia alikuwa mfupi?"

"La, mrefu. Mrefu kuliko mumewe."

"Basi humu angezikwa nusu."

Reginald alikohoa. Thadei alipitisha kiganja kwenye ukuta wa shimo. Upande mmoja udongo ulikuwa laini, unang'aa kwa mafuta ya mwili, mahali ambapo mgongo wa mtu ulikuwa umeegemea siku nyingi. Chini palikuwa na kipande cha ngozi ya kondoo kilichochakaa katikati. Kaburi jipya halina mng'ao, na marehemu haandaliwi ngozi ya kukalia kabla hajafa. Mtu alikuwa akiishi humu. Alichimba, akajibanza, akaziba na dirisha. Thadei alimfahamu mtu huyo kabla ya kuuona uso wake, kwa sababu yeye mwenyewe, kwenye nyumba yake ya polisi, alikuwa ameng'oa mlango wa chumba cha kulala na kuuweka uvunguni. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, nao wawili hao waliumwa na nyoka tofauti, basi.

"Ule mzigo wa alfajiri," alisema akitoka nje haraka kuliko alivyoingia. "Uliuona vizuri?"

"Kwa macho yangu haya."

"Ulikuwa umening'inia mbele na nyuma, kama mtu abebwavyo begani?"

Reginald alifikiri. "Hapana. Ulikuwa mviringo. Kama mtungi, tuseme."

"Na mwanamke mrefu aliingiaje kwenye mtungi, ndugu Balozi?"

Ignasi aligeuka upande wa pili kuficha kicheko. Thadei alikuwa amekwisha kurudi mlangoni, akielekeza kidole sakafuni, karibu na mafiga. Palikuwa na duara jeupe, na unga wa mtama umekwama pembeni mwake.

"Hapa palikaa nini?"

"Jiwe la kusagia," Balozi alijibu, na safari hii sauti yake ilishuka.

"Liko wapi?"

Hakuna aliyejua. Mwuaji huondoka na kisu, huondoka na ng'ombe. Jiwe la kusagia hubebwa kwenda mahali ambapo mtu atakula.

Palibaki jambo moja lililomkera tangu siku ya kwanza ya upelelezi. Kila aliyemwuliza, "Ulimwona Natalia lini mara ya mwisho?" aligeuza uso na kujibu hakumwona. Kijiji kizima, mistari yote! Thadei alikwisha kuamini kwamba wamekula njama. Safari hii alimwendea bibi wa nyumba ya jirani, Eufrasia, aliyekuwa akianika mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi tena?"

"Nimerudi. Bibi, sikuulizi kama ulimwona. Nakuuliza kwa nini hukumwona."

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. "Sasa umeuliza. Natalia alifiwa na mtoto anayenyonya. Mama wa namna hiyo kwetu yuko kwenye mwiko, tunauita metimani. Haendi kwa mtu, mtu haendi kwake. Hanywi maji yetu. Akipita, unageuza uso. Si chuki, mwanangu. Ndivyo tunavyozuia kifo kisitambae."

"Kwa hiyo angeweza kuondoka, na ninyi msijue?"

"Angeondoka na nyumba, tusingejua. Tulijua siku wazee walipokuja kumtoa mwiko. Alitakiwa asimame katikati ya uwanja, aoshwe mbele ya watu wote. Wakakuta nyumba tupu." Bibi alipangusa mikono kwa khanga. "Na uwanja ndio aliouogopa. Tangu aletwe hapa alikuwa akitetemeka akitoka nje mchana. Anashika ukuta kama mlevi. Wapo waliosema hofu yake iliingia kwenye maziwa, mtoto akainyonya."

"Ninyi mlisema nini?"

"Mimi nilisema ana kiu ya kilima chake."

Hapo Thadei alijilaumu. Siku zote alikuwa akiuliza lini mtu ameonekana, katika kijiji ambacho heshima yenyewe ilikuwa kutomtazama.

"Nyumba yao ya zamani iko wapi?"

Reginald alidakia. "Upande wa Nambis. Lakini zile zilibomolewa zote, ndugu Sajini. Nilikuwepo."

"Mlibomoa mbele," Eufrasia alisema bila kumtazama. "Nyumba zetu za wazee zilichimbwa ubavuni, nusu yake ni kilima. Kilima kinabomolewa?"

Njiani, Thadei alimweleza Ignasi alichofikiri. Patriki alimtoa mkewe wakati wa ukungu, kwa sababu ukungu ukishuka uwanda haupo. Mwanamke anatembea kama aliye ndani. Alimtangulizia jiwe kwenye nyumba yao ya zamani, akarudi kumchukua siku nyingine. Na sasa alikuwa radhi kunyongwa kuliko kusema, kwa kuwa akisema tu, mgambo watapanda na majembe kuiziba nyumba hiyo pia.

"Mapenzi hayo, afande," Ignasi alisema. Safari hii hakutania.

Thadei alitazama vilima vikisogea na kuona moyo wake unamwuma. Kwao Mbinga, mbali kusini, alikuwa amemwacha mkewe Angela, amtunzie mama yake mgonjwa. Enzi walipokuwa pamoja, Thadei alilala barazani, kiangazi na masika, naye Angela alitoa mkeka wake akalala kando yake. Majirani walicheka. Angela hakuwahi kumwuliza kwa nini. Alimtamani mwanamke huyo kila siku aliyoamka katika nchi hii ya baridi, na mara tatu aliomba uhamisho, mara tatu akaambiwa asubiri.

Waliiacha Landrova chini wakapanda kwa miguu. Kilimani palikuwa na marundo ya miti iliyovunjwa na udongo uliomomonyoka, makao ya watu yaliyogeuka vichuguu. Rundo la mwisho lilikuwa na kitu ambacho mengine hayakuwa nacho: majani yaliyoota juu yake yalikuwa yamenyauka katikati, kama yanavyonyauka juu ya moshi. Kando ya rundo, chini, ukionekana kwa anayeutafuta tu, palikuwa na mlango mfupi, mweusi.

"Ingia, Koplo," Thadei alisema. Ndivyo alivyofanya siku zote. Penye mlango mweusi aliingia Koplo.

Ignasi hakusogea. Uso wake mnene ulikuwa umepauka.

"Afande, nisamehe. Hajatolewa mwiko huyu. Mke wangu Letisia ana mimba. Nikiingia humo, nitarudi nyumbani na nini?"

"Ni amri."

"Niweke ndani, afande. Nivue mistari. Siingii."

Siku nyingine Thadei angemkaripia. Lakini ana mdomo gani wa kumcheka mwenye hofu? Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wahenga walisema hivyo, ila hawakusema nini kifanyike pale waoga wanapokuwa wawili na mlango ni mmoja.

"Kaa hapa," alisema. Akachutama mbele ya mlango. "Hodi humu ndani. Mama Natalia!"

Kilisikika kitu kikiburutwa.

"Mimi ni Sajini Thadei. Sikuja kubomoa. Patriki yuko kituoni. Wanasema amekuua."

Sauti ikatoka mbali, kama ya mtu aliye kisimani. "Mwambie nipo hai."

"Nikisema mimi hawataniamini. Wanataka kukuona. Gari linamchukua leo hii. Toka, mama, twende."

"Siwezi."

"Ni hapa tu, mlangoni."

"Siwezi!" Pumzi zake zilisikika zikigongana. "Kaka, kule chini mbingu inanivuta. Naona kama nitaanguka kwenda juu. Mikono inakufa, moyo unakimbia, najua kabisa ninakufa. Hapa kilima kinanishika mgongo. Usinitoe."

Thadei alifumba macho. Kila neno lilikuwa lake, ila limegeuzwa juu chini. Angeweza kumvuta kwa nguvu, sheria ilimruhusu. Jua lilikuwa limekwisha kupita utosi.

Alivua kofia, akamkabidhi Ignasi. Akaingia kwa magoti.

Baada ya mwili wake kupita mlangoni, mwanga ulikatika. Dari iligusa mgongo. Hewa ilikuwa nzito kwa moshi na harufu ya kondoo. Alitambaa mpaka mkono wake ukagusa ukuta, na hapo kifua kikamkaba kama alivyojua kitamkaba. Alitaka kurudi. Hakujua tena nyuma ni wapi. Alijisikia akitweta.

"Na wewe unayo," sauti ya Natalia ilisema karibu naye kabisa.

Alipapasa giza kwa mkono.

Vidole vikavu vilimshika kifundo, vikaupeleka mkono wake chini, juu ya kitu cha baridi, kipana, chenye bonde laini katikati. "Shika jiwe. Usifikirie mlango. Saga." Alimtia kiganjani jiwe dogo la juu. "Nenda, rudi. Nenda, rudi. Pumzi itafuata yenyewe. Mimi ndivyo nilivyoishi Mstarini mpaka mtoto alipoondoka. Halafu sikuwa na wa kumsagia."

Thadei alisaga. Hapakuwa na mtama, palikuwa na mkwaruzo wa jiwe kwa jiwe tu. Baada ya muda hewa ilianza kuingia, kidogo, kisha zaidi. Hofu haikuondoka. Ilikaa kando yake gizani, kama mgeni asiyetaka kuaga.

"Inapona?" aliuliza, akajishangaa kwa kuuliza.

"Sijui. Yangu haijapona. Patriki haniulizi. Ananiletea unga tu."

Walikaa. Mpelelezi na marehemu wake, bega kwa bega.

"Nikienda," Natalia alisema mwishowe, "nitarudi hapa?"

"Siwezi kukuahidi kilicho cha serikali. Nitakuahidi kilicho changu. Kinywa changu hakitaitaja nyumba hii."

"Na mbingu?"

Thadei alifikiri, kisha akavua koti lake la mvua, lile zito la polisi linalofika magotini. "Utalivaa hili kichwani. Utaona miguu yako tu. Garini nitateremsha turubai lote."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Ndani, na wewe."

Alimsikia akifikiri gizani. "Basi hilo jiwe dogo usiliache," alisema.

Walishuka polepole, Natalia amefunikwa koti, amemshika Thadei mkanda kwa nyuma. Ignasi alitangulia mbali, uso mbele. Garini turubai lilifungwa pande zote, likawa giza la kijani linalotikisika. Njia nzima Thadei alikuwa na jiwe mapajani na jasho mgongoni, akisugua kiganja juu yake, nenda, rudi, na mara mbili Natalia alimwambia, "Bado kidogo, kaka," ingawa naye alikuwa akitetemeka.

Gari la mkoa lilikuwa limekwisha kufika. Patriki alikuwa amekwisha kupandishwa nyuma, na Inspekta wa Arusha, mtu wa haraka, alikuwa amekanyaga ubao wa kupandia. Balozi Reginald, aliyefuatwa kijijini, alisimama pembeni kama shahidi.

"Afande, simamisha!" Thadei aliita akishuka. "Marehemu amefika."

Alimsaidia Natalia kushuka. Patriki aliliona koti, akashusha macho akaona miguu. Alijiinua kwa kishindo mpaka pingu zikalia.

"Balozi," Inspekta aliamuru, "mtambue."

Natalia aliinua ukingo wa koti kadiri ya uso wake. Reginald alitupa jicho la pembeni, akageuka upesi kama aliyechomwa. "Ndiye. Ndiye mwenyewe."

"Mfungue huyo mtu." Inspekta hakufurahi, alikuwa amesafiri vumbi lote hilo kwa kesi iliyofufuka. Alimgeukia Thadei. "Ulimkuta wapi?"

"Njiani, afande."

"Njia gani?"

Thadei alisita. Uongo haukuwa kazi yake. Inspekta aliona, akamwacha, akamkazia macho Ignasi. "Koplo, wewe ulikuwepo. Mwanamke alitokea wapi?"

Ignasi alipiga saluti, kifua mbele. "Sikutazama, afande. Ana mwiko. Mwulize Balozi, kwetu hatutazami."

Na Reginald, ambaye alijua kilima ni kipi na nyumba ni ipi, alifungua kinywa. Akamtazama Patriki aliyekuwa akisugua vifundo vya mikono. Akafunga kinywa.

"Ni kweli, afande," alisema. "Hatutazami."

Inspekta alitukana kwa sauti ya chini, akapanda gari lake, akaondoka.

Patriki alivuka uwanja. Hakusema neno. Aliingiza kichwa chini ya koti, upande wa pili, akamzungushia mkewe mkono, wakaanza kuondoka hivyo, vichwa viwili chini ya nguo moja. Walikuwa hawajafika barabarani Patriki aliposimama na kugeuka.

"Afande, koti nikurudishie lini?"

"Siku ya ukungu."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Thadei alisimama chini ya mlingoti bila koti, amelikumbatia jiwe dogo ambalo Natalia alikataa kulipokea, akawatazama mpaka njia ya Nambis ikawameza. Aliwaonea wivu. Wivu mtupu, usio na haya.

"Koplo, basi la Arusha linaondoka siku gani?"

"Kesho kutwa, afande. Kuna kesi huko?"

"Ni mbali kuliko Arusha. Naomba likizo, na safari hii sitasubiri." Alifuta maji usoni. "Nataka nikaone kama mke wangu bado analala barazani."